Askari au vibarua? Rejimenti ya 54 ya Massachusetts na miezi 18 bila mshahara

Mwezi Agosti 1863, mlipaji wa jeshi la Marekani alifika kisiwa cha Morris, mdomoni mwa bandari ya Charleston, South Carolina, akiwa na fedha za askari weusi wa Rejimenti ya 54 ya Massachusetts. Tangu waandikishwe, watu hawa walikuwa hawajapokea hata senti moja ya serikali kuu. Wiki chache tu zilikuwa zimepita tangu wapoteze karibu nusu ya wenzao kwa usiku mmoja, pamoja na kanali wao. Majeruhi walikuwa bado wamelazwa Beaufort. Nyumbani walikoacha wake na watoto, kodi ya nyumba ilikuwa inadaiwa na majira ya baridi yalikuwa njiani.

Mlipaji alileta dola 10 kwa kila mtu kwa kila mwezi. Katika hizo, dola 3 zilikuwa za kukatwa kwa ajili ya mavazi, hivyo mkononi zingebaki 7. Askari mweupe wa cheo cha chini kabisa, aliyelala kwenye hema lile lile la turubai na kula biskuti zile zile ngumu, alikuwa akilipwa dola 13, na posho ya mavazi juu yake.

Rejimenti nzima ilikataa kupokea.

Kikosi hiki kinapotajwa, watu hukumbuka shambulio lake kwenye ngome ya Wagner, na wana haki kulikumbuka. Ila kwa maoni yangu, mtihani wao mkubwa zaidi ulikuwa mbele ya meza ya mlipaji. Shambulio lilikwisha kwa saa chache. Fedha zilirudi tena na tena, mwezi baada ya mwezi, na kila ziliporudi ilibidi mtu aliyeacha watoto wake wakiwa na njaa aseme hapana upya. Nataka kukichambua kisa hiki kwa upande huo: walikataa nini hasa, kwa nini msimamo wao haukuvunjika, na nani aliubeba mzigo wake.

Walichoahidiwa

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza Aprili 1861, serikali ya Abraham Lincoln haikutaka watu weusi washike bunduki. Ilichukua karibu miaka miwili na maelfu ya maiti kubadili mawazo hayo. Tangazo la Ukombozi la Januari 1, 1863, ambalo Lincoln aliwatangaza huru watumwa wa majimbo yaliyoasi, lilifungua mlango, na tarehe 26 ya mwezi huo huo Waziri wa Vita, Edwin Stanton, alimpa Gavana John Andrew wa Massachusetts kibali cha kuunda vikosi vya watu wenye asili ya Afrika. Andrew alikuwa mpinga utumwa wa siku nyingi. Aliuliza kuhusu malipo na kuhakikishiwa kwamba yatakuwa sawa na ya wengine, naye akawaahidi watu kwa jina lake.

Ahadi hiyo haikubaki maneno ya mdomoni. Tangazo la kuandikisha askari lililotoka katika gazeti la Boston mwezi Februari lilisema wazi: mshahara dola 13 kwa mwezi, bahashishi ya dola 100 mwisho wa utumishi, na msaada wa jimbo kwa familia.

Massachusetts yenyewe ilikuwa na watu weusi wachache, wasiotosha kujaza rejimenti ya watu elfu. Mawakala wakaenda New York, Pennsylvania, Ohio, mpaka Canada. Frederick Douglass, aliyekuwa ametoroka utumwani na kuwa sauti kubwa kuliko zote za watu weusi wa nchi ile, alitoa wito Machi 1863 akiwataka vijana wajiunge, na wanawe wawili, Lewis na Charles, wakawa miongoni mwa waliojiandikisha. Lewis akawa sajenti meja. Katika kambi ya Readville nje ya Boston walikusanyika wakulima, mabaharia, vinyozi, wahudumu wa hoteli na wafanyakazi wa bandarini. Wengi walikuwa wamezaliwa huru, na wengi walijua kusoma na kuandika. Jambo hili la mwisho msomaji alishike, maana litarudi.

Maofisa wote walikuwa weupe, kwa amri ya serikali. Kanali alikuwa Robert Gould Shaw, kijana wa miaka 25 kutoka familia tajiri ya Boston, ambaye mwanzoni aliikataa nafasi hiyo kisha akabadili nia. Mei 28, 1863 walipita katika mitaa ya Boston mbele ya umati mkubwa, wakapanda meli kwenda Kusini.

Walijua wanakwenda kukabili nini. Serikali ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba mtu mweusi akikamatwa na silaha hatahesabiwa mateka wa vita, bali atakabidhiwa kwa sheria za jimbo alilokamatwa, yaani anaweza kunyongwa au kuuzwa. Ofisa mweupe atakayewaongoza angeshtakiwa kwa kuchochea maasi ya watumwa. Kwa hiyo hatari waliyokubali ilikuwa kubwa kuliko ya askari yeyote mweupe.

Mstari mmoja ndani ya sheria

Kosa lilitokea wapi? Mwezi Juni 1863 mwanasheria wa Wizara ya Vita, William Whiting, alitoa maoni kwamba askari weusi walipwe kwa mujibu wa Sheria ya Wanamgambo ya Julai 17, 1862. Sheria hiyo ilitungwa wakati watumwa waliotoroka walikuwa wanamiminika kwenye kambi za jeshi la Kaskazini, na jeshi likitaka kuwatumia kuchimba mahandaki, kupika na kupakua mizigo. Ilitaja pia utumishi wa kijeshi, lakini roho yake ilikuwa kazi za mikono. Kiwango chake: dola 10 kwa mwezi na posho ya chakula, na dola 3 kati ya hizo zinaweza kutolewa kwa njia ya mavazi.

Kiwango hicho hakikujali cheo. Sajenti mweupe alipata dola 17 na sajenti meja 21. Sajenti mweusi aliwekewa dola 10 zile zile, sawa na kijana aliyeandikishwa jana. Hata kasisi wa rejimenti, Samuel Harrison, ambaye nafasi yake ilikuwa na mshahara wa dola 100, alitengewa dola 10.

Kwa Kiswahili tuna neno linaloeleza jambo hili vizuri kuliko maelezo marefu: kibarua. Asili yake ni kile kikaratasi, barua ndogo, alichopewa mtu wa kutwa kuthibitisha kwamba leo alikuwepo kazini. Kibarua hana cheo, hana kiapo, hana bendera; ana siku tu, na siku ikiisha na yeye ameisha. Sheria ya 1862 ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya vibarua. Kuweka alama kwenye orodha ya malipo ya dola 10 kulikuwa sawa na kukubali kwa mkono wako mwenyewe kwamba sheria ile inakuhusu.

Shaw aliliona hilo mapema. Julai 2, 1863, kabla kikosi hakijapigana vita vya maana, alimwandikia Gavana Andrew kwamba watu wake ama walipwe walichoahidiwa au waachishwe jeshi warudi makwao. Siku 16 baadaye alikuwa amekufa.

Wagner

Siku hizo za Julai sipendi kuzipita haraka, maana ndizo zilizoipa hoja ya mshahara nguvu ambayo mwanasheria hawezi kuitunga.

Julai 16, katika kisiwa cha James, walinzi wa 54 walivamiwa alfajiri na kikosi kikubwa cha Kusini. Walirudi nyuma hatua kwa hatua huku wakipiga risasi, na muda walioununua uliwawezesha askari weupe wa Rejimenti ya 10 ya Connecticut kuponyoka kabla ya kuzingirwa. Zaidi ya watu 40 wa 54 waliuawa, kujeruhiwa au kupotea. Usiku ule wakaamriwa kuhama. Walipita kwenye mabwawa juu ya mbao nyembamba, katika mvua na giza, mtu akimfuata mwenzake kwa kupapasa. Walifika kisiwa cha Morris jioni ya Julai 18 wakiwa hawajalala wala kula vizuri kwa siku mbili.

Jioni hiyo hiyo waliulizwa kama wako tayari kutangulia kuishambulia ngome ya Wagner. Shaw alikubali. Ngome ilijengwa kwa mchanga na magogo ya minazi midogo ya Carolina, ikakatiza kisiwa kutoka baharini hadi kwenye bwawa, na njia pekee ya kuifikia ilikuwa ukanda mwembamba wa ufuko. Mizinga ya nchi kavu na ya meli ilikuwa imeipiga mchana kutwa, na majenerali waliamini waliomo ndani wamekwisha. Hawakuwa wamekwisha. Walikuwa wamejificha kwenye mahandaki yaliyofunikwa kwa mchanga, kiasi cha watu 1,700.

Watu 600 wa 54 walitembea ufukoni giza likiingia, kisha wakakimbia. Risasi ziliwapokea walipokaribia, wakavuka handaki lenye maji, wakapanda ukuta wa mchanga. Shaw alifika juu ya ukuta na kuuawa hapo. Mbeba bendera alipoanguka, Sajenti William Carney, aliyezaliwa mtumwa Virginia na kukulia New Bedford, aliichukua, akaipandisha ukutani, na baadaye akairudisha nyuma akijikokota na majeraha kadhaa mwilini. Aliwaambia wenzake kwamba bendera haikugusa ardhi. Ilibidi asubiri hadi mwaka 1900 kupewa Nishani ya Heshima, ya juu kuliko zote nchini mwake.

Ngome haikutekwa usiku ule. Rejimenti ilihesabu watu 272 waliouawa, kujeruhiwa, kutekwa au kutojulikana walipo. Askari wa Kusini walimzika Shaw katika shimo moja na askari wake, wakidhani wanamdhalilisha. Baba yake alipopata habari aliomba mwili usihamishwe, ubaki na watu aliokufa nao.

Hao ndio watu walioletewa dola 7 mwezi uliofuata.

Barua ya koplo

Baada ya Wagner, 54 walipewa sululu. Wiki kwa wiki walichimba mahandaki ya kuizingira ngome, mara nyingi usiku, mizinga ikiwapigia. Ngome ilihamwa usiku wa Septemba 6 kuamkia 7, na sehemu ya ushindi huo ilipatikana kwa koleo. Vikosi vya weusi vilitumwa hata kuwaandalia askari weupe kambi, mpaka Jenerali Quincy Gillmore alipopiga marufuku jambo hilo mwezi huo huo wa Septemba. Unaona mtego ulivyokaa: unampa askari kazi ya kibarua, kisha unaonyesha kazi hiyo kuwa ushahidi kwamba yeye ni kibarua.

Septemba 28, 1863, Koplo James Henry Gooding, baharia wa zamani wa meli za kuwinda nyangumi kutoka New Bedford, alichukua kalamu na kumwandikia Rais Lincoln moja kwa moja. Swali lake lilikuwa moja: je, sisi ni askari, au ni vibarua? Akaeleza kwamba wana silaha kamili na wamefanya kila kazi ya askari. Akakumbusha kwamba hawakuandikishwa chini ya ile sheria ya watumwa waliotoroka. Wao waliingia jeshini kama raia huru wa majimbo yao. Tumefanya kazi ya askari, aliandika. Kwa nini tusipate malipo ya askari?

Katika barua hiyo kuna sentensi nyingine, isiyonukuliwa sana, ambayo mimi hunikaa moyoni zaidi. Gooding anamwambia Rais kwamba watu weusi ni maskini, na kwamba dola 3 kwa mwezi, kwa mwaka mzima, zingewanunulia wake zao na watoto wao wadogo kuni za kuwasha moto. Tofauti ya dola 3 ilikuwa ni nyumba yenye moto au isiyo na moto wakati wa theluji. Aliyeandika hivyo alijua thamani ya kila dola aliyokuwa anaikataa.

Lincoln mwenyewe alikuwa amekwisha kulisikia jambo hili. Agosti 10, Douglass alimwendea Ikulu na kumlalamikia. Jibu la Rais lilikuwa kwamba malipo pungufu yalikuwa lazima kwanza, ili weupe wapinzani wakubali watu weusi waingie jeshini, na kwamba mwishowe watalipwa sawa. Kama hesabu ya kisiasa, inaeleweka. Lakini gharama ya kuwatuliza wapinzani iliwekwa juu ya mabega ya watu ambao hawakuwa na deni lolote.

Dola 13 zilizokataliwa

Sasa tunafika kwenye kiini cha kisa, na ndipo wengi hata wakati ule walishindwa kuwaelewa.

Gavana Andrew, kwa uchungu wa ahadi yake kuvunjwa na Washington, aliliomba bunge la jimbo lake liingilie kati. Novemba 1863 Massachusetts ilipitisha sheria ya kulipa tofauti kutoka hazina yake. Desemba wajumbe wawili walifika kambini na habari njema: pokeeni dola 10 za serikali kuu, jimbo litaongeza zilizobaki, mtapata 13 kamili na malimbikizo yote ya nyuma.

Rejimenti ikakataa tena, kwa heshima na shukrani.

Kama hoja ingekuwa kiasi cha fedha, kesi ingekwisha siku ile. Dola zingetimia mfukoni. Lakini fikiria jinsi zingetimia. Dola 10 za Washington zingepokelewa chini ya sheria ile ile ya vibarua, na dola 3 za Boston zingekuwa hisani ya watu wema waliowaonea huruma. Wangekuwa vibarua wenye wafadhili. Walichotaka kilikuwa mstari mmoja kwenye daftari la Marekani, ulioandikwa kwa mkono wa Marekani, unaosema huyu ni askari na haya ni malipo ya askari. Massachusetts, pamoja na mapenzi yake yote, haikuwa na uwezo wa kuuandika mstari huo.

Kukataa uonevu wa adui ni rahisi kuliko kukataa wema wa rafiki. Andrew alikuwa rafiki wa kweli. Maofisa wao, akiwemo Kanali Edward Hallowell aliyeshika nafasi ya Shaw, walikuwa upande wao. Kumwambia rafiki wa namna hiyo kwamba msaada wake, kwa jinsi ulivyopangwa, utawaharibia hoja, kunahitaji watu wanaoelewa vizuri wanadai nini. Ndiyo maana nilisema kusoma na kuandika kulikuwa na uzito. Ahadi ya dola 13 ilikuwa kwenye karatasi, nao waliisoma. Sheria ya 1862 ilikuwa kwenye karatasi, nayo waliisoma. Barua zao zilikuwa zinachapishwa magazetini huko Kaskazini, kwa hiyo kukataa kwao hakukuwa siri ya kambi. Kulikuwa hoja iliyo mbele ya taifa.

Na mzigo? Mkono mtupu haulambwi, na mikono ya wake zao ilikuwa mitupu. Wao hawakuulizwa kambini wakati msimamo unapangwa. Waliusikia kwa barua. Wengine waliishia kwenye nyumba za maskini, wengine walihamishwa na wenye nyumba. Septemba 1864 mke wa askari mmoja wa Rejimenti ya 55, ndugu ya hii na iliyokataa mshahara pamoja nayo, aliandika kutoka Ohio kwa Gavana Andrew akiuliza ni kwa nini watu wao hawajalipwa mpaka leo. Historia ya kijeshi huwahesabu waliokufa na majeruhi wa kila siku ya vita. Sijaona orodha ya watoto waliopitisha baridi ya mwaka ule bila kuni, na kwa haki wangekuwa kwenye hesabu za rejimenti hii.

Walioweka silaha chini

Ili kuona upekee wa njia waliyoichagua 54, tazama jirani zao. Novemba 1863, Sajenti William Walker wa Rejimenti ya 3 ya South Carolina, kikosi cha waliokuwa watumwa, aliwaongoza wenzake mpaka mbele ya hema la kamanda wao, wakaweka bunduki chini na kusema hawatatumika kwa dola 7. Hoja yao ilikuwa ile ile. Sheria ya kijeshi, hata hivyo, ina jina moja tu kwa askari anayeweka silaha chini vitani, nalo ni uasi. Walker alihukumiwa na mahakama ya kijeshi na kupigwa risasi huko Jacksonville, Florida, mwisho wa Februari 1864. Gavana Andrew alisema kwa ukali kwamba serikali iliyoshindwa kupata sheria ya kumlipa mtu huyo kama askari ilipata sheria ya kumuua kama askari.

Simlaumu Walker hata kidogo. Alikuwa hana gavana wa kumtetea, hana tangazo la gazeti la kuonyesha, na wenzake wengi walikuwa ndio kwanza wametoka mashambani kwa mabwana. Lakini 54 walifanya jambo gumu la kutenganisha vitu viwili: fedha walizikataa, amri hawakuzikataa. Kila siku waliyopigana bila malipo, serikali ilizidi kuwa na deni ambalo haikuweza kulikana. Mdai aliyeendelea kutoa huduma hana anayeweza kumwita mwasi.

Msidhani lilikuwa jambo la utulivu. Kufikia mwaka 1864 subira ilikuwa inachanika. Katika Rejimenti ya 55, askari wa kawaida Wallace Baker alimpiga ofisa wake katika mzozo wa amri, wakati hasira ya mshahara imejaa kambini. Alipigwa risasi kisiwa cha Folly, Juni 18, 1864. Siku tatu kabla yake, Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria ya malipo sawa.

Olustee

Kabla ya sheria hiyo kulikuwa na Florida. Februari 20, 1864, Jenerali Truman Seymour aliingiza jeshi lake la watu kama 5,500 kwenye misitu ya misonobari karibu na Olustee bila kujua ukubwa wa jeshi lililomngoja. Mistari ya mbele ilivunjika. Rejimenti ya 54 iliitwa kutoka nyuma kwenye mizigo, ikaja mbio huku majeruhi wakipishana nayo njiani, na ikaingia vitani ikipiga ukelele ambao sijui kama jeshi lolote limewahi kuupiga: hongera tatu kwa Massachusetts na dola saba kwa mwezi!

Walikuwa wanaidai serikali mshahara wa mwaka mzima, na jina la deni hilo ndilo waliloingia nalo kwenye risasi. Pamoja na wenzao wa Rejimenti ya 1 ya North Carolina walishikilia mstari mpaka giza, jeshi lililobaki likaondoka salama. Waliouawa, kujeruhiwa au kupotea wa 54 siku hiyo walikuwa 86.

Wakati wa kurudi Jacksonville, garimoshi lililobeba majeruhi liliharibika injini, na adui alikuwa nyuma. 54 waliamriwa kurudi kulifuata. Walifunga kamba kwenye mabehewa na kuyavuta kwa mikono, kwa maili kadhaa, mpaka farasi walipopatikana. Ndani ya mabehewa hayo walikuwemo majeruhi weupe waliokuwa wanalipwa dola 13.

Koplo Gooding hakurudi. Alijeruhiwa, akatekwa, akapelekwa gereza la Andersonville, Georgia. Alikufa huko Julai 19, 1864.

Kiapo

Ukuta ulianza kupasuka kwa kesi ya kasisi. Andrew alilipeleka suala la Samuel Harrison kwa Rais, na Aprili 23, 1864 Mwanasheria Mkuu Edward Bates alitoa maoni kwamba Harrison ana haki ya mshahara kamili wa kasisi, kwa kuwa sheria ya 1862 haikukusudiwa watu wa namna yake. Jiwe hilo likishatoka, mengine yalifuata. Huko Bungeni Seneta Henry Wilson wa Massachusetts alikuwa anausukuma muswada wa malipo sawa, na ubishi ulikuwa juu ya jambo moja: malipo hayo yarudi nyuma mpaka lini?

Sheria ya Juni 15, 1864 ilitoa jibu lenye ufa. Askari weusi wote walipwe sawa kuanzia Januari 1, 1864. Malipo ya kabla ya hapo sheria iliyatoa kwa wale tu waliokuwa watu huru tarehe 19 Aprili 1861, na maswali ya kisheria juu yake yaliachiwa uamuzi wa Mwanasheria Mkuu. Aliyekuwa mtumwa siku hiyo angekosa, hata kama alipanda ukuta wa Wagner bega kwa bega na mwenzake.

Ndani ya 54 walikuwemo watu wa aina zote mbili, na baadhi yao walikuwa, mbele ya sheria, mali ya mtu fulani Kusini. Kuwapanga mistari miwili kungebomoa kile ambacho mshahara pungufu ulishindwa kukibomoa. Kanali Hallowell, aliyelelewa Philadelphia katika familia ya Waquaker, dhehebu la Kikristo lililopinga utumwa, alitunga kiapo. Kila askari aliapa kwamba mnamo au kabla ya Aprili 19, 1861 hakuwa na deni la kazi isiyo na ujira kwa mtu yeyote. Mtumwa aweza kuapa hivyo? Kwa sheria ya Georgia au Virginia, hapana. Kwa imani ya Hallowell na ya watu wale, hakuna binadamu aliyewahi kudaiwa na binadamu mwenzake kazi ya bure, kwa hiyo kiapo kilikuwa kweli tupu. Nimekisoma kiapo hicho mara nyingi, na bado naona ndicho kipande cha sheria chenye akili na huruma kuliko vyote katika kisa hiki, ingawa hakikutoka kwa Bunge wala mahakama.

Vikosi vya South Carolina vilivyoundwa na watumwa watupu havikuwa na mlango huo. Vilivyokuwa vimeahidiwa malipo sawa tangu mwanzo vilingoja sheria nyingine, ya Machi 3, 1865.

Mwishoni mwa Septemba 1864, mwaka mzima tangu barua ya Gooding, mlipaji alifika tena kisiwa cha Morris. Ilihitajika kiasi cha dola 170,000 kulipa Rejimenti ya 54 malimbikizo yake yote. Kambini kulikuwa na nyimbo na hotuba. Kisha watu wakapanga foleni nyingine, ya wakala wa usafirishaji, wakamkabidhi zaidi ya dola 53,000 zipelekwe majumbani.